Helmeti ya Kuua Kelele

Jumatatu, 1 Julai

Nimegundua!

Mambo yalikwenda hivi. Mimi ni fundi wa vipaza sauti wa kanisa letu hapa mtaa wa Kataki, Kalemie. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa lingine, na fundi wao ni Rubens, mtu wa majivuno, mwenye pikipiki. Jioni wao wana maombi, sisi tuna mazoezi ya kwaya. Akipandisha sauti, napandisha. Akiongeza spika, naongeza. Leo nilivuka kwenda kutafuta betri, nikasimama katikati kabisa ya barabara, nikashangaa. Kimya! Mahubiri yao sikuyasikia. Kwaya yetu sikuisikia. Sauti mbili zilikutana pale katikati zikauana. Hata friji ya Mama Agathe, jirani yetu anayekaanga samaki, ilinyamaza kwa heshima. Na taa za mtaa mzima zikazimika wakati uleule, jambo ambalo bado nalichunguza.

Mama Agathe alisema umeme umekatika. Sikubishana naye.

Na nani alikuwa kwenye benchi lake, anakula samaki wa mikebuka kwa pilipili? Ajida Anatole, ajida ni cheo chake, fundi wa helikopta ya jeshi iliyotua uwanja wa ndege juzi. Huyu Ajida anaongea kwa kufoka hata akiomba chumvi. Alinieleza kwamba helikopta yao ni nzee, helmeti zao zimechoka, na akilala masikio yanapiga filimbi mpaka asubuhi. Akasema mtu atakayemletea helmeti ya kuua kelele, yeye mwenyewe atampeleka mbele ya kamanda.

Kelele kuuawa! Mimi niliyetoka kuiona ikifa barabarani!

Nilimweleza mke wangu Elisabeth. Alinisikiliza kiganja kikiwa nyuma ya sikio. Nikarudia, nikarudia tena. Yeye anaendesha mashine ya kusaga mihogo pale sokoni, ile ya mazutu, yaani dizeli, na siku hizi masikio yake hayako sawa. Hiyo ni habari nyingine.

Jumanne, 2 Julai

Kazi imeanza. Helmeti ninayo, ya wakati nilipokuwa na pikipiki. Pikipiki niliiuza kwa ajili ya mradi wangu wa barafu, mradi ukayeyuka, helmeti ikabaki.

Mpango ni huu. Mikro, yaani kipaza sauti, ndogo, inakaa nje. Inasikia kelele. Nyaya zinaigeuza kelele kichwa chini miguu juu. Spika ndogo ndani inaipiga iliyogeuzwa. Iliyogeuzwa inakutana na ya kawaida mlangoni mwa sikio, kama Rubens na mimi, zinamalizana. Rahisi mno. Sijui kwa nini nchi nyingine zimehangaika.

Elisabeth alikwenda dispansari leo. Jioni alikuwa ananisimulia nikiwa nachomea nyaya, kwa hiyo sikushika yote. Nilichoshika: sikio la kulia limekwisha nusu, na la kushoto litalifuata kama ataendelea kusimama karibu na ile mashine masikio wazi. Muganga alisema aache kazi au azibe masikio vizuri, si kwa vitambaa.

Ni pigo. Elisabeth ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Akianzisha wimbo, watu wa ng'ambo hugeuza shingo, na Rubens huongeza spika. Jumapili iliyopita alianzisha chini sana, wanakwaya wakatazama viatu vyao. Yeye aliendelea kuimba huku anatabasamu, hakujua. Mimi kwenye mashine zangu nilitamani ardhi inimeze. Nikapunguza mikro yake kidogo kidogo ili isionekane. Sijamwambia.

Jumatano, 3 Julai

Jaribio la kwanza. Mahali: mashine ya Elisabeth, kwa sababu hakuna kelele Kalemie nzima inayokaribia ya helikopta kama ile.

Nilivaa helmeti mbele ya wanawake waliopanga mabeseni yao ya mihogo. Nikawasha. Kelele haikufa. Kelele ilizaa! Mikro ikasikia spika, spika ikasikia mikro, na mlio ukatoka pale ambao nimeusikia mara moja tu maishani, siku mchungaji alipoangusha mikro ndani ya spika. Wanawake walikimbia. Beseni likapinduka, unga ukawa wa mbuzi. Mimi mwenyewe nilizunguka mara kadhaa nikitafuta swichi, nikaangukia gunia.

Kila mtu aliziba masikio. Elisabeth peke yake aliendelea kumimina mihogo. Hakusikia kitu. Aligeuka tu alipoona watu hawapo, akaniuliza wamekwenda wapi.

Niliogopa. Mlio ule ungeamsha watu wa Kigoma, na mke wangu alikuwa kando yangu anapangusa unga mikononi.

Kisha nikajikaza. Nyaya zina matatizo yake. Lazima nibadili njia.

Ijumaa, 5 Julai

Umeme nimeuacha. Jeshi linahitaji kitu kisichoharibika. Sponji!

Sponji nzuri mjini ni ile ya godoro letu. Nimekata upande wa Elisabeth kwa sababu analala pembeni kabisa, na katikati pale hapatumiki. Nimepanga tabaka ndani ya helmeti, juu yake kipande cha ngozi ya mbuzi, na mahali pa masikio nimeweka mito miwili minene. Kuziba nyufa nimetumia bukari, ugali wetu wa mihogo. Ndiyo, bukari nyepesi, ileile tuliyokuwa tunabandikia picha za shule. Ikikauka haiachii. Hakuna gundi ya dukani inayoifikia.

Elisabeth aliivaa kazini tangu asubuhi. Wateja walimcheka, wakazoea.

Jioni nilikuwa uani namwita anipe maji, nikijua nitaita mara nne. Aliitikia mara ya kwanza! Alitoka nje, akakaa kwenye kigoda, helmeti mapajani, akanitazama, machozi yakaanza kushuka. Nikamuuliza nani amekufa. Akasema:

"Papa Sonia, kichwa yangu imenyamaza. Nasikia hata kuku inakwaruza."

Sonia ni binti yetu, ameolewa Nyunzu. Elisabeth akaniambia mambo mengi ya Sonia alipokuwa mdogo, tukacheka, na nilimsikia akisema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Akaniomba jambo moja, helmeti ibaki kwenye mashine. Nilisema ndiyo. Na nilipokuwa nasema, nilikuwa namaanisha.

Kumbukumbu ya kiufundi: machozi yamelowesha sponji ya kushoto. Ikaushwe.

Jumapili, 7 Julai

Elisabeth ameimba! Alianzisha pale penyewe, juu, bila kutafuta. Kanisa lilisimama. Mama mmoja wa nyuma alitupa kitambaa hewani. Nilifurahi mpaka nikasahau kupandisha sauti, na Rubens akatufunika kwa kinanda chake katika wimbo wa sadaka. Sikujali. Nilisahau kumchukia kwa dakika chache.

Baada ya ibada nikamkumbuka. Kwa sababu Rubens alikuwa kwenye benchi la Mama Agathe, amekaa na nani? Na Ajida Anatole! Wanacheka! Rubens anaonyesha kwa mikono kitu cha mviringo, cha ukubwa wa kichwa.

Nimerudi nyumbani. Amejua. Anatengeneza ya kwake. Ataipeleka uwanjani, atapeana mkono na kamanda, na mimi nitabaki nafunga nyaya za kanisa mpaka nizikwe.

Mama Agathe anasema walikuwa wanazungumzia tikiti maji. Amelishwa maneno.

Jumatatu, 8 Julai

Nimechukua hatua.

Nilikwenda kwenye mashine mchana, nikamwambia Elisabeth kwamba helmeti inahitaji matengenezo kidogo. Alikuwa ameivaa. Aliivua polepole, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika sufuria ya moto, akauliza kama nitairudisha kesho mapema. Nikasema mapema sana. Akauliza ni ya kwenda kwa wale askari? Nikasema ni matengenezo. Akanipa.

Alitoa vitambaa mfukoni, akaviviringisha, akaviingiza masikioni, akawasha mashine.

Nilitembea haraka ili nisimtazame. Ni siku moja tu. Na kamanda akiikubali, nitamtengenezea Elisabeth nyingine, nzuri kuliko hii, yenye rangi. Mtu lazima aone mbele.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya kuliko zote. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu ya aibu.

Asubuhi niliona bukari ya zamani imepasuka kwenye mito ya masikio. Nikapika nyingine, nzito, nikapaka kwa ukarimu. Ilikuwa haijakauka vizuri nilipofika uwanjani, lakini niliona jua litamalizia. Na kweli jua lilimalizia.

Ajida alinipokea vizuri, akaniweka mbali na helikopta, akaivaa helmeti yangu. Injini ikawashwa. Mapanga yakaanza kuzunguka. Vumbi, majani, kofia ya mlinzi, vyote vikaruka. Kelele ile sitaieleza, niliihisi kwenye meno. Na katikati ya kelele ile Ajida Anatole alitabasamu! Akafumba macho. Akainua kidole gumba, ishara yao wanahewa kusema mambo ni safi. Nilimwinulia na changu. Tulisimama pale tunainuliana vidole, na nikafikiri, Apollinaire, umefika.

Kisha akaanza kutembea. Anatabasamu, macho nusu yamefumbwa, anatembea polepole kuelekea mkiani. Kule nyuma kuna panga dogo linalozunguka usiloliona. Wakamwita. Hakusikia. Wakapiga kelele wote. Hakusikia. Kamanda alikimbia mwenyewe, akamkamata mkanda na kumvuta, wakaanguka wote wawili.

Injini ilipozimwa, kamanda alimfokea kwa muda mrefu. Ajida alikuwa anamtazama kwa upole. Hakusikia hata neno moja. Ndipo wakasema aivue, na ikagoma.

Bukari ilikuwa imeshika. Nywele, masikio, ndevu za pembeni. Wawili walivuta helmeti, wawili walivuta Ajida. Wakamwaga maji. Bukari ikivimba inabana zaidi, hilo sikulijua. Mwishowe fundi mmoja alileta msumeno, na helmeti yangu ikakatwa vipande viwili, na Ajida akatoka ndani yake na nywele za hapa na pale.

Kamanda aliniita. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mutu wangu alibakia kidogo akatwe kichwa," alisema, "na alikuwa anacheka."

Nilirudi mjini kwa miguu, nusu ya helmeti kila kwapa.

Jumatano, 10 Julai

Elisabeth aliniona jana nikiingia na vile vipande. Alivichukua, akavikutanisha, akaviachanisha, akaviweka mezani, akaingia kupika.

Leo Ajida alifika kwa Mama Agathe, kitambaa kichwani. Nilitaka kujificha nyuma ya friji, akaniona. Ajabu, hakuwa na hasira! Alifoka kama kawaida yake kwamba ule ulikuwa usingizi wa kwanza mzuri tangu aingie jeshini, na aliupata akiwa amesimama. Lakini akasema kaske, yaani helmeti, ya mwanahewa haitakiwi kuzima kila kitu. Lazima izime mashine na kupitisha sauti ya mtu. La sivyo, hata kama kuna kimya, mtu anakufa ndani yake.

Hii ni oda ya jeshi! Amesema "lazima". Naiandika hapa ili Rubens asije kusema alisikia yeye.

Jioni Elisabeth alirudi, akaniomba nikae. Dada yake Christiane anauza vitenge Moba, anahitaji mtu dukani. Boti inaondoka Jumamosi. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na siku hizi yeye hupandisha.

"Sitaki kuwa kiziwi juu ya unga ya watu," akasema. "Ungeniachia ile kaske, ningebakia."

Nilimwambia asubiri kidogo. Helmeti mpya itapitisha sauti ya mtu na kuzima mashine. Akauliza itakuwa ya nani. Nikasema ya jeshi kwanza, kisha ya sisi sote. Alicheka. Nimeishi na kicheko cha Elisabeth miaka mingi, na hiki sikukijua.

Hatakwenda. Kwaya haiwezi kukaa bila yeye, na mimi siwezi kulala katika nyumba ambamo hayumo. Nimejaribu kumwambia hilo la pili, lakini alikuwa ameshanigeuzia sikio bovu.

Ijumaa, 12 Julai

Usaliti!

Nilikuwa nimejificha kwenye kibanda cha muuza kadi za simu, namfuatilia Rubens. Alisimamisha pikipiki mbele ya duka la magodoro. Nikaona kwa macho yangu anachagua godoro jipya. Na nani alikuwa naye? Elisabeth! Mke wangu! Anabonyeza sponji kwa kidole, hili hapana, hili hapana, hili ndiyo. Rubens akalikunja, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, wakaelekea upande wa bandari.

Nimekaa kwenye mawe nimeshika kichwa. Kila mtu Kalemie anajua maana ya godoro juu ya pikipiki. Ama kuna harusi, ama kuna mtu anapanda boti, maana hapa kwetu hakuna anayesafiri ziwani bila godoro lake. Lakini Rubens ana mke, na Rubens hasafiri. Inabaki maana moja tu. Anapeleka sponji Moba kufungua kiwanda cha helmeti mbali na macho yangu, na Elisabeth amemwambia unene unaotakiwa.

Nilimuuliza jioni, kwa ukali, godoro lile ni la nani. Akasema ni lake, kwa sababu lile la nyumbani lina shimo. Nikamwambia asinifanye mtoto. Alikuwa anakunja nguo, anaziweka kwenye valizi, na zile za kwaya alizikunja za mwisho.

Lazima nifanye kazi haraka.

Jumamosi, 13 Julai

Matokeo ya jaribio la tatu, nyumbani. Naandika kwa utulivu ili jeshi liweze kusoma.

Vipande viwili vya helmeti vimeungwa kwa mpira wa baiskeli. Bukari safari hii imekaushwa kwanza. Tabaka la sponji limeongezwa. Tundu la kupitishia sauti bado halijawekwa, nilitaka kwanza kuhakikisha kimya kinabana. Nilivaa asubuhi, nikakaa sebuleni, redio ikiwa juu kabisa. Sikuisikia redio. Safi!

Elisabeth aliingia, valizi mkononi. Mama Agathe alikuwa mlangoni nyuma yake, na Rubens nje juu ya pikipiki. Elisabeth alisimama mbele yangu akaanza kusema. Nililitazama jambo hili kwa jicho la fundi. Midomo ilikwenda kwa muda mrefu. Macho yalikuwa na maji. Sauti iliyoingia: hakuna. Neno lililopenya: hakuna hata moja! Nilisikia tu pumzi yangu mwenyewe. Hata Ajida hakupata kimya hiki.

Aliponyamaza, alibaki ananitazama, kama mtu aliyeuliza kitu. Nikaona ni haki ajue jinsi jaribio lilivyokwenda. Nikainua kidole gumba.

Alikitazama kile kidole. Alikitazama muda mrefu. Akanigusa bega, akachukua valizi, akatoka.

Nilivua helmeti baada ya kuandika matokeo. Nikaenda kumwambia. Mlango ulikuwa wazi, na pikipiki ya Rubens ilikuwa imeshateremka.

Jumapili, 14 Julai

Kwaya ilianza bila sauti ya kwanza. Walitafuta pa kuanzia, wakakosa, wakaanza popote. Sikupandisha wala sikupunguza. Rubens naye, ng'ambo, hakuongeza. Sijui ana mpango gani.

Mama Agathe alinifuata baada ya ibada. Alisimama mikono kiunoni, kanga ya kanisani bado begani. Aliniuliza kama mimi ni mutu ao ni jiwe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema:

"Alikuuliza mbele yangu. Papa Sonia, niende ao nibakie? Ukisema nibakie, nitabakia. Na weye ukamuonyesha kidole."

Nilikaa chini, palepale, kwenye mchanga. Nililia mbele ya watu waliotoka ibadani, na sikuficha uso. Ningesema baki. Neno dogo vile! Ningelisema hata kwa kufoka, hata kwa spika zote za kanisa, hata Rubens angesikia. Mama Agathe alinipa maji, akaniambia simu inafika Moba, nimpigie, niseme hilo neno tu, nisiongeze lingine.

Usiku umeingia na bado nafikiri. Nimekwenda kwenye mashine ya kusaga jioni, mtu mwingine anaiendesha, masikio wazi. Nikarudi. Godoro letu lina shimo upande wake. Nimelala upande wangu nimeshika ukingo wa lile shimo.

Kosa liko wapi? Nimelichunguza kwa haki. Helmeti haina kosa, ilifanya kazi yake. Kosa liko kwenye kidole. Ishara moja haitoshi. Wanahewa wanahitaji ishara ya "ndiyo", ishara ya "hapana", na ishara ya "sijasikia, rudia". Hili nitamweleza Ajida.

Jumatatu, 15 Julai

Nyumba imenyamaza kabisa. Nimevua helmeti tangu alfajiri na bado kimya kipo. Kuku hawakwaruzi. Sijui kama ni mabaki ya jaribio. Nilitamani mtu aje anifokee.

Nimefanya kazi tangu asubuhi ili nisifikiri. Tundu la sauti nimeweka! Kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kinapita kando ya sikio la kulia, mlango mwembamba, kwa hesabu yangu mashine haiwezi kupita hapo, sauti ya mtu tu. Sponji iliyobaki nimeichukua upande wangu wa godoro. Sasa godoro lote ni moja, halina shimo.

Ilibaki kupata sauti ya kujaribia. Sauti ya nani? Nilifikiria Ajida, anafoka mno, si kipimo cha haki. Nilifikiria Mama Agathe, hasemi nami mpaka nimpigie Elisabeth. Sauti ninayoijua vizuri kuliko zote, ninayoweza kuitambua hata kwa pumzi, iko Moba. Na simu ilikuwa lazima nipige. Basi mambo mawili kwa safari moja. Mtu wa sayansi hapotezi nafasi.

Nilivaa helmeti, nikafunga mpira wa baiskeli, nikaweka simu kwenye mdomo wa bomba. Nikapiga. Nikaona kwenye kioo cha simu kwamba amepokea. Moyo ulikuwa unanipiga mpaka mito ya masikio ikatikisika.

Nikasema, "Mama Sonia, rudi." Nilisema vizuri, polepole, bila kuongeza neno, kama nilivyoagizwa. Machozi yakaingia ndani ya helmeti.

Kisha nikasubiri jibu lake. Sekunde za simu zilikuwa zinakwenda, kwa hiyo anasema. Zikaendelea kwenda. Anasema maneno mengi. Bomba halikupitisha kitu. Nilijua sasa hivi atakuwa amefika mwisho, atakuwa ameuliza jambo, ananisubiri.

Nikainua kidole gumba.